Kiini kinachoelemewa kina intarapti chache kuliko wenzake: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina seva ya viini nane niliyoifanya ruta ya PPPoE (njia ya kumuunganisha kila mteja kwa jina na nywila yake) kwa wateja kama mia nne wa intaneti. Kadi ya eth0 inaelekea kwa tunakonunua intaneti, eth1 inaelekea kwa wateja. Mchana hali ni shwari. Ikifika saa mbili usiku, ksoftirqd/0 (kazi ya mfumo inayoshughulikia pakiti kwenye kiini namba 0) inapanda mpaka asilimia 100, simu za malalamiko zinaanza, na viini saba vilivyobaki vinapumzika tu. Nimefungua /proc/interrupts nikitegemea kukuta kiini namba 0 kimejaa intarapti, nikakuta kinyume chake: foleni yake kwenye eth1 ndiyo yenye intarapti chache kuliko zote. Nimeandika ff kwenye smp_affinity, faili linalosema intarapti iende viini vipi, haikusaidia. Nikiandika namba nyingine, baada ya sekunde chache inarudi ilikokuwa. Halafu wiki iliyopita mfumo uliandika "irq 16: nobody cared", na kibodi ya USB ikawa inachelewa kila herufi. Wenzangu wanasema ubao mama umekufa, ninunue mwingine. Nimeambatanisha vipimo vya sekunde kumi nilivyochukua saa mbili na nusu usiku. Naomba ushauri.

Jibu: Marahaba. Kwanza kabisa, usinunue ubao mama. Nimesoma vipimo vyako mara tatu, na ninachokiona ni magonjwa mawili yasiyohusiana, yaliyokutana kwenye mashine moja ndani ya wiki moja. Kiini kinachoelemewa ni ugonjwa wa kwanza. Kibodi ni wa pili. Hilo la namba kurudi yenyewe wala si ugonjwa, nitalieleza njiani. Ukiyachanganya yote na kuyaita jina moja utabadilisha vifaa mpaka pesa ziishe.

Nianze na lililokushangaza, maana ndilo lenye ufunguo. Ulitarajia kiini chenye kazi nyingi kiwe na intarapti nyingi. Karibu kila mtu hutarajia hivyo, na mimi nilifanya kazi hii miaka kadhaa nikiamini vivyo hivyo. Lakini intarapti ni hodi tu. Ni kadi ya mtandao inabisha mlangoni kumwambia prosesa aache anachofanya aje apokee mzigo. Na ile faili ya /proc/interrupts inahesabu hodi, haihesabu wageni.

Sasa fikiria nyumba yenye shughuli. Mgeni wa kwanza anabisha, unakwenda kumfungulia. Ukiona nyuma yake kuna wengine wamejipanga, hufungi mlango ili kila mmoja abishe hodi yake. Unauacha wazi, wanaingia mmoja mmoja mpaka waishe, ndipo unarudishia. Kerneli ya Linux, yaani programu kuu ya mfumo, inafanya hivyo hivyo kupitia utaratibu unaoitwa NAPI. Intarapti ya kwanza ikifika, draiva (programu inayoendesha kadi) inaizima intarapti ya foleni ile, kisha kerneli inazoa pakiti kwa mafungu, kwa kawaida mpaka 64 kwa kila mzunguko. Foleni ikiisha, intarapti inawashwa tena. Foleni isipoisha, mlango unabaki wazi na hodi haipigwi.

Utaratibu huu una historia ya maumivu. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza kwa kina jinsi mashine inavyoweza kupokea intarapti za mtandao kwa wingi kiasi kwamba muda wake wote unaishia kwenye kupokea, na pakiti hata moja haifiki inakokwenda. NAPI iliingizwa kwenye Linux miaka michache baadaye kuzuia hali hiyo. Kwa hiyo unapoona foleni yenye kazi nyingi ina hodi chache, utaratibu unafanya kazi yake. Kinachotakiwa kukushtua ni mlango kutofungwa kabisa.

Angalia vipimo vyako mwenyewe. Ndani ya sekunde zile kumi, mstari wa eth1-TxRx-0 uliongezeka kwa intarapti 9,140. Mistari mingine saba ya eth1 iliongezeka kwa kati ya 58,000 na 71,000 kila mmoja. Ukiishia hapo utasema foleni namba 0 imelala. Lakini chini yake uliweka matokeo ya `ethtool -S eth1`, na humo rx_queue_0_packets imeongezeka kwa 2,140,000. Gawanya: ni pakiti 234 kwa kila hodi moja. Na rx_queue_1 mpaka rx_queue_7? Makumi machache tu ya pakiti. Yaani karibu kila pakiti inayotoka kwa wateja wako mia nne inapita kwenye foleni moja, na foleni hiyo ipo kwenye kiini namba 0.

Utaniuliza: kama foleni zile saba hazipokei kitu, hizo intarapti elfu sitini za kila moja zinatoka wapi? Soma tena jina la mstari: TxRx. Intarapti moja inatumika kwa kupokea na kwa kutuma pia. Seva yako inatuma kwa wateja kupitia foleni zote nane, na kila mara kadi inapomaliza kutuma inabisha kusema "nimemaliza, chukua nafasi yako". Hodi za foleni 1 mpaka 7 karibu zote ni za kutuma. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasihukumu foleni kwa intarapti peke yake. Wachukue vipimo viwili vilivyoachana kwa sekunde kumi, watoe cha kwanza kwenye cha pili, kisha waweke hesabu ya pakiti pembeni. Jumla iliyopo kwenye /proc/interrupts imeanza kuhesabiwa tangu mashine iwashwe. Inaweza kubeba hadithi ya mwezi uliopita.

Haya, kwa nini zote zinaangukia foleni namba 0? Hapa ndipo PPPoE inapoingia, na ninafurahi uliitaja, maana wengi huisahau kabisa wanapouliza.

Kadi yenye foleni nyingi hugawa pakiti kwa hesabu iitwayo RSS. Inasoma anwani ya IP ya mtumaji na ya mpokeaji, mara nyingi na namba za bandari, inazichanganya kupata namba moja, na namba hiyo inaonyesha foleni. Mazungumzo mamoja yanakaa foleni moja daima, na mazungumzo mengi yanatawanyika. Lakini kadi inaijua IP pale inapoikuta mahali ilipozoea kuikuta: kwenye fremu ya Ethernet yenye alama 0x0800. Fremu za wateja wako zina alama 0x8864, alama ya PPPoE, na IP imefichwa ndani zaidi baada ya baiti nane za vichwa vya PPPoE na PPP. Kadi nyingi zilizoenea kwenye seva, ya kwako ikiwemo, zinaona 0x8864 na kuishia hapo. Haina anwani ya kuchanganya, hesabu inakuwa sifuri, na pakiti inatupwa foleni namba 0. Inayofuata nayo ni hivyo hivyo, mpaka alfajiri.

Usiniamini kwa maneno. Endesha hii saa yoyote:

`tcpdump -e -ni eth1 -c 20`

Utaona "ethertype PPPoE S (0x8864)" karibu kila mstari. Kisha endesha hiyo hiyo kwenye eth0, utaona IPv4 ya kawaida. Sasa rudi kwenye `ethtool -S eth0`: pakiti zinazoingia kutoka juu zimegawanyika foleni zote nane karibu sawasawa. Kadi mbili za aina moja, draiva moja, ubao mama mmoja. Moja inagawa vizuri na nyingine haigawi. Kama ubao mama ndio ungekuwa mbovu, eth0 isingepona.

Kuna jambo hapa huwa linawababaisha watu. Wanasema wateja wanashusha zaidi kuliko wanavyopandisha, na kinachopandishwa ndicho kinachoingia eth1, sasa kinaelemeaje? Kwa uzito wa baiti ni kweli ni kidogo. Lakini mteja anapotazama video, simu yake inarudisha vipakiti vidogo vya kukiri mapokezi muda wote, na kwa prosesa kipakiti cha baiti 60 kina gharama karibu sawa na cha baiti 1,500: kukivua kichwa cha PPPoE, kukitafutia njia, kukibadilishia anwani kwenye NAT. Saa mbili usiku kila nyumba ina video. Unaona sasa kwa nini mchana shwari.

Kuhusu ff. Ushauri wa kuandika ff kwenye smp_affinity ni wa enzi za prosesa za zamani, ambapo vifaa vyenyewe viliweza kuzungusha intarapti moja kati ya prosesa kadhaa. Kwenye kerneli za sasa za x86, ukiandika ff unasema "viini vyote vinane vinaruhusiwa", na kerneli inachagua kimoja kati yake. Soma `/proc/irq/NAMBA/effective_affinity_list` na utakuta kiini kimoja tu, hata kama uliruhusu vyote. Na hata kama ingewezekana kuizungusha, ningekusihi usifanye. Pakiti za mazungumzo mamoja zingeshughulikiwa na viini tofauti kwa wakati mmoja, zingepitana njiani, na upande wa pili ungedhani kuna zilizopotea na kuomba zitumwe upya. Intarapti moja kukaa kwenye kiini kimoja ndiyo hali njema. Ubaya ni kazi ya watu mia nne kuwa nyuma ya intarapti moja.

Na kule kurudi yenyewe baada ya sekunde chache, ni irqbalance. Ni huduma inayoamka kila sekunde kumi, inapima mzigo na kupanga upya. Haikuonei, hukuiambia tu. Ukitaka kupanga intarapti fulani kwa mkono, iambie isiiguse kwa `--banirq=NAMBA`, au izime kabisa ikiwa mashine ina kazi moja kama hii yako. Mimi kwenye ruta huizima. Kwenye seva yenye kazi mchanganyiko huiacha. Siku nyingine ukikutana na mfumo unaokataa kabisa uandishi wako kwa "Input/output error", hasa kwenye diski za NVMe, usihangaike: intarapti hizo zinasimamiwa na kerneli yenyewe, na zinakuwa zimeshagawanywa kiini kwa kiini.

Sasa tiba. Kwa kuwa kadi haiwezi kuona ndani ya PPPoE, tuiachie kerneli ifanye mgawo, maana kerneli inaweza. Utaratibu huo unaitwa RPS, uliletwa na Tom Herbert wa Google na kuingia kwenye Linux 2.6.35 mwaka 2010. Kiini namba 0 kitaendelea kupokea pakiti kutoka kwenye kadi, lakini badala ya kuzishughulikia hadi mwisho, kitachungulia ndani ya PPPoE, kitapata anwani za IP, kitafanya hesabu, na kumkabidhi mwenzake. Amri ni hii moja:

`echo fe > /sys/class/net/eth1/queues/rx-0/rps_cpus`

Hiyo fe ni viini 1 mpaka 7. Namba 0 nimeiacha nje kwa makusudi, ina kazi ya kupokea na kugawa, inatosha. Mazungumzo mamoja bado yatakaa kwenye kiini kimoja, kwa hiyo hakuna kupitana.

Fanya hivyo saa mbili na nusu usiku, wakati tatizo lipo. Najua inatisha kugusa ruta wakati wateja wako hewani, lakini ukiifanya mchana hutajua kama imesaidia, na amri hii inaondoka kwa kuandika 0 mahali pale pale. Kabla ya kuigusa, nakili /proc/net/softnet_stat. Kila mstari ni kiini kimoja, namba zake ni za hesabu ya kumi na sita. Safu ya pili ni pakiti zilizotupwa kwa sababu foleni ya ndani ilijaa. Ya tatu ni mara ambazo muda wa kuzoa uliisha kabla ya pakiti kuisha, na kwako mstari wa kwanza utakuwa umepanda sana. Ya kumi ni mara ambazo kiini kiliitwa na mwenzake kuja kuchukua kazi ya RPS. Sasa hivi ni sifuri tupu. Baada ya amri, safu ya kumi ianze kupanda kwenye mistari ya viini 1 mpaka 7, na ya tatu kwenye mstari wa kwanza ipunguze kasi. Fungua na `mpstat -P ALL 1` uangalie safu ya %soft ikitawanyika.

Ukirudi kwenye /proc/interrupts usiku huo utakuta mstari wa CAL umepanda kwa kasi ambayo hujawahi kuiona. Usiogope, na usiandike tena kuniambia umepata ugonjwa wa tatu. CAL ni intarapti ambazo prosesa zinapigiana zenyewe kwa zenyewe. Ni kiini namba 0 kinawaamsha wenzake: "njoo uchukue". Ndiyo ishara kwamba mgawo unafanyika.

Kama baada ya hapo namba 0 bado ina joto, iondolee kazi ya eth0: `ethtool -X eth0 weight 0 1 1 1 1 1 1 1` itazigawa pakiti za eth0 kwa foleni saba zilizobaki. Wapo watakaokuambia uongeze netdev_budget, yaani kiasi cha pakiti ambacho kiini kinaruhusiwa kuzoa kwa mkupuo mmoja. Haitakudhuru, lakini unamwongezea muda mtu mmoja anayefanya kazi ya watu wanane. Na siku utakaponunua kadi mpya, muulize muuzaji swali moja kabla ya kasi: inaweza kugawa PPPoE? Zipo zinazoweza, baadhi kwa kupakiwa profaili maalumu.

Amri ya RPS inapotea mashine ikizimwa. Iweke kwenye faili la systemd linaloendeshwa baada ya eth1 kuamka.

Twende kwenye irq 16, ambayo inahitaji subira zaidi kuliko maarifa.

Vifaa vya PCI vya mtindo wa zamani vinatumia waya wa intarapti kwa ushirika. Waya ukipigwa, kerneli inauliza kila draiva iliyosajiliwa hapo: ni wako? Ikiwa hakuna anayekubali, waya unaendelea kupiga, kwa sababu kifaa kinachopiga hakijanyamazishwa na mtu. Kerneli inahesabu. Katika intarapti 100,000, zikizidi 99,900 ambazo hazina mwenyewe, inaandika "nobody cared" na kuufunga waya. Isingefanya hivyo, kiini kimoja kingekwama hapo milele.

Tazama kinachotokea: waya ukifungwa, wote waliokuwa wakiutumia wanakosa intarapti, wakiwemo wasio na kosa. Kwenye ujumbe wako, chini ya neno handlers, pameandikwa usb_hcd_irq. Wenzako wamesoma hapo wakasema USB imekufa. Mimi nasoma kwamba USB ndiye jirani aliyekuwepo nyumbani polisi walipofika. Draiva yake iliulizwa, ikasema si wangu, na ikasema kweli. Sasa hivi kerneli inamchungulia mara moja moja badala ya kuitwa, na ndiyo maana herufi zinachelewa.

Tafuta asiyekuwa na draiva. Endesha `lspci -vv` kama root na utafute kila kifaa chenye "routed to IRQ 16". Kisha kwa kila kimoja angalia "Kernel driver in use". Kifaa kilichopo kwenye waya huo bila mstari wa draiva ndicho mshukiwa wangu wa kwanza. Niliwahi kusumbuka siku mbili na seva iliyonunuliwa ikiwa imetumika, diski zake zikiganda kila baada ya saa chache. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha diski, tukakaribia kubadilisha ubao. Nilipofungua kasha kupuliza vumbi nikakuta kadi ndogo ya bandari za serial aliyoiacha mwenye mashine wa kwanza, haijachomekwa kebo yoyote, haina draiva, na inashiriki waya mmoja na diski. Niliichomoa. Haikurudia tena.

Ikiwa hakuna mshukiwa wa namna hiyo, sasisha BIOS, kwa sababu ndiyo inayoiambia kerneli waya upi unakwenda wapi, na makosa ya ramani hiyo ni ya kawaida. Kisha zima ndani ya BIOS vifaa usivyotumia: kadi ya sauti, FireWire, bandari za ziada. Kimoja kwa siku, si vyote pamoja, la sivyo hutajua nani alikuwa nani.

Ujumbe wenyewe unapendekeza irqpoll. Chaguo hilo linaifanya kerneli, kila inapopata intarapti isiyo na mwenyewe, iulize draiva zote za mashine. Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuivumilia usiku mmoja. Kwenye ruta yenye hodi nusu milioni kila sekunde kumi, usiiweke. Kuna mawili mengine utakayoshauriwa, na haya nakusihi sana uyakatae: `pci=nomsi` na `noapic`. La kwanza linazinyima kadi zako intarapti zao binafsi na kuzirudisha kwenye waya za ushirika, na foleni zako nane za eth0 zitageuka moja. La pili linarudisha mashine kwenye utaratibu wa 8259, wenye intarapti 15 tu za kutumika, zote zikienda kiini kimoja. Utakuwa umetibu kibodi kwa kuua mtandao.

Mpaka umpate mshukiwa, ukihitaji kufanya kazi mbele ya mashine chomeka kibodi kwenye tundu la PS/2 kama lipo, ukiwa umeizima mashine kwanza. Lina waya wake wa intarapti namba 1, halihusiki na 16. Na ukinitumia matokeo ya `lspci -vv`, yatume yote bila kukata. Mshukiwa huwa kwenye mistari ambayo watu wanaiona haina maana.